Kumpa ndugu figo: kunyamaza si ridhaa

 

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tulikuwa Gungu, mjini Kigoma, na baada ya swala ya Ijumaa tulifuatwa na mzee mmoja aliyekuwa na swali fupi. Alitaka kujua kama ni halali mtu kumpa ndugu yake figo. Tulimwomba aketi atueleze habari yote, kwa kuwa swali la halali na haramu aghalabu huja likiwa limefunikwa na maswali mengine.

Habari ilikuwa hii. Mpwa wake, mfanyabiashara wa dagaa na mawese, mtu wa makamo mwenye mke na watoto, figo zake zote mbili zimeshindwa kazi. Chanzo ni shinikizo la damu alilokaa nalo miaka mingi bila kulitibu. Sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Biashara imesimama na akiba imekwisha. Madaktari wamewaeleza kuwa akipata figo ya ndugu yake huenda akarejea katika maisha yanayokaribia yale ya zamani. Basi ukoo ukakaa kikao, na kikao kikamteua dada yake. Mzee alitaka neno letu tu ili jambo litiwe baraka na safari ianze.

Tulimuuliza, "Na dada mwenyewe amesemaje?"

Akajibu, "Amenyamaza, Sheikh. Na kunyamaza kwa mwanamke si ndiyo ridhaa yake?"

Kwa jibu hilo ndipo tulipoona kuwa makala hii inapaswa kuandikwa. Wahusika wametupa ruhusa ya kuyaeleza haya bila kutaja majina.

Tuanze na hali ya nchi, kwani jambo hili si la nyumba moja ya Gungu. Hadi mwaka 2017 Mtanzania aliyehitaji kupandikizwa figo alilazimika kusafiri nje, mara nyingi India, na ndugu wa kumtolea figo akisafiri pamoja naye. Gharama zake zilikuwa mara kadhaa ya zile za kutibiwa hapa nyumbani. Waliofanikiwa kwenda walikuwa wachache: ama waligharamiwa na Serikali, ama walikuwa na uwezo wao, ama walichangiwa. Mwezi Novemba mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao kutoka India, na mgonjwa huyo wa kwanza alipewa figo na ndugu yake. Mwezi Machi mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza, ikisaidiwa na madaktari wa Japani. Alhamdulillah, hii ni neema kubwa na haifai kuibeza.

Lakini neema hii imekuja na mtihani wake. Familia ya Gungu ambayo zamani ingesema "India hatuiwezi, tumwachie Mungu" sasa inajua kuwa Dodoma ipo, umbali wa kilomita 800 hivi kwa reli, na kwamba watu wanaenda na kurudi wazima. Dawa huletwa na bohari na mashine hununuliwa na Serikali, ama figo haimo ghalani. Imo mwilini mwa mtu mzima anayekula nanyi sahani moja. Hivyo swali lililokuwa la wizara na bajeti limehamia sebuleni, mbele ya mama anayelia, na aghalabu hakuna aliyetuandaa kulijibu.

Upande wa hukumu hatutakaa sana, maana maulamaa wameshaufanyia kazi. Baraza la Maulamaa Wakuu wa Saudi Arabia liliruhusu mwaka 1982. Mwezi Februari mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha nne huko Jeddah, liliamua kuwa inajuzu kuhamisha kiungo kutoka kwa mtu hai kumpa mwingine, kwa masharti: kiungo hicho kisiwe ndicho tegemeo la uhai wa mtoaji, mtoaji awe mtu mwenye akili timamu na uwezo kamili wa kujiamulia, na kiungo kisiuzwe. Wapo waliopinga, na si watu wadogo. Sheikh Mutawalli al-Sha'rawi wa Misri alishika kuwa mwili ni milki ya Muumba, na mtu hawezi kutoa asichokimiliki. Tunaiheshimu hoja hiyo, na hata sisi tunaoikubali rai ya wengi tunaihitaji, kwani inatukumbusha kuwa mwili ni amana. Aya ya 32 ya Suratul Maida inaifanya thamani ya kuokoa nafsi moja kuwa sawa na kuwaokoa watu wote. Hata hivyo, aya hiyo inamsifu mwokoaji, haikumpa mjomba wala kikao mamlaka ya kumwokoa mgonjwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Sasa turudi kwenye kule kunyamaza. Ni kweli kwamba katika mlango wa ndoa Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa bikira huombwa idhini, na kunyamaza kwake huhesabiwa ni idhini, kwa sababu haya humzuia kutamka. Hilo ni jambo la msichana na ndoa. Maulamaa wenyewe wakatofautisha hapo hapo: mwanamke aliyekwisha kuolewa haitoshi anyamaze, lazima atamke. Itakuwaje basi hukumu ambayo haikumtosha mwanamke huyo hata katika ndoa, ichukuliwe na kupelekwa katika chumba cha upasuaji? Dada huyu aliwahi kuolewa, ameachika, analea watoto wawili kwa cherehani yake. Katika kutoa figo hatujui mwanachuoni yeyote aliyesema kuwa kimya ni ridhaa. Ridhaa hapa ni neno la kutamkwa, na mtu alitamke akiwa na njia ya kutamka kinyume chake.

Siku mbili baadaye dada huyo alikuja mwenyewe akisindikizwa na shangazi yake. Alikaa muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza swali moja, "Sheikh, nikisema hapana, napata dhambi?"

Tulimjibu kuwa hapati. Kumtanguliza mwenzio juu ya nafsi yako ni daraja tukufu, na Ansari wa Madina walisifiwa kwalo katika Suratul Hashr, lakini ni fadhila na si faradhi. Asiyetoa figo hakuua mtu. Ugonjwa ndio unaoua, na mgonjwa bado ana mashine, ana dawa, na ana Mola wake. Tulimwona akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Halafu akatuambia jambo ambalo hatukulitarajia: kwamba huenda akatoa. Alichokuwa akikitafuta ni kujua kwamba anaweza kukataa.

Tukamuuliza ni vipi kikao kilimwangukia yeye. Wako ndugu wanne. Mdogo wao wa kiume ni mvuvi wa dagaa Kibirizi. Alisamehewa kwa kuwa mkewe ni mjamzito na kazi yake ni ya kuvuta nyavu. Mwingine alisema anaogopa kisu, watu wakacheka, yakaisha. Yeye akaambiwa, "Wewe huna mume wa kumwomba ruhusa." Tazama, ndugu msomaji, jinsi mizani ilivyopimwa. Hofu ya mwanamume ilipokewa kama udhuru, na upweke wa mwanamke ukageuzwa kuwa nafasi wazi. Wala si Kigoma peke yake. Katika nchi nyingi zinazoweka kumbukumbu za jambo hili, watoaji walio hai wengi ni wanawake, wake na mama na dada, ilhali wapokeaji wengi ni wanaume. Hatusemi kuwa wanawake hao walilazimishwa. Tunasema kuwa ukoo unapotafuta mtu wa kutoa, macho huelekea kwanza kwa yule aliyezoea kutoa.

Na hoja ya nyavu ni dhaifu. Mtoaji hukaa hospitali siku chache, akatakiwa kupumzika wiki nne hadi sita na kujiepusha na kunyanyua vitu vizito. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa wavuvi tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, miezi mitatu kamili, na wavuvi wetu, kwa dhiki ndiyo, waliivuka. Mvuvi aliyekaa pwani miezi mitatu kwa ajili ya samaki wazaliane hawezi kutuambia kuwa wiki sita kwa ajili ya kaka yake haziwezekani. Kama anaogopa, aseme anaogopa. Hofu yake ina haki sawa na ya dada yake.

Mtoaji ana haki pia ya kujua anachokitoa, bila kutishwa wala kudanganywa. Figo moja inatosha kuishi, na ile inayobaki hukua na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Vifo vya watoaji ni vichache: huko Marekani, hesabu iliyochapishwa mwaka 2010 ilionyesha vifo vitatu hivi katika kila watoaji 10,000, na ya miaka ya karibuni imeshuka chini ya kimoja. Lakini si kweli kwamba mtu hapungukiwi kitu, kama tulivyosikia wengine wakisema. Utafiti wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2014, ulikadiria kuwa watoaji 90 katika 10,000 hupata ugonjwa wa figo kushindwa kabisa katika uhai wao, ikilinganishwa na 14 kati ya watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Ni hatari ndogo, ila ipo. Na kwa mwanamke ambaye bado anataka kuzaa, utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2015 uliona kuwa shinikizo la damu la ujauzito au dalili za awali za kifafa cha mimba liliwapata asilimia 11 ya waliotoa figo, na asilimia 5 ya wasiotoa. Wengi wao walizaa salama. Lakini dada wa miaka 32, ambaye kesho anaweza kuolewa tena inshallah, nani alimweleza hayo katika kikao kile? Hakuna, kwa sababu hakuna aliyeyajua, na hakuna aliyeona haja ya kuyauliza.

Lipo jambo jingine zito zaidi, nalo ni vipimo. Kabla ya upasuaji mtoaji hupimwa kundi la damu, sukari, shinikizo, homa ya ini, virusi vya UKIMWI, na ulinganifu wa tishu baina yake na mgonjwa. Ndugu wa baba na mama mmoja hulingana kikamilifu kwa bahati ya mmoja kati ya wanne, nusu kwa wawili kati ya wanne, na mmoja aliyebaki halingani kabisa. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja kutolingana si ajabu hata kidogo, na ole wake anayejenga tuhuma juu ya hilo. Pamoja na hayo, hutokea vipimo hivi vikafichua siri: ugonjwa ambao mtu hakuujua, au shaka ya nasaba iliyolala miaka arobaini. Sheria yetu imelifunga hili tangu zamani. Mtoto ni wa ndoa aliyozaliwa ndani yake, na nasaba haivunjwi na karatasi ya maabara iliyotafutwa kwa ajili ya figo. Tunazinasihi familia zikubaliane kabla ya safari kuwa majibu ya kila mtu ni yake na daktari wake. Daktari akisema "huyu hafai kutoa," isiulizwe kwa nini.

Na katika neno hilo hilo "hafai" kuna rehema kubwa. Madaktari waadilifu humhoji mtoaji faraghani, mbali na ndugu zake, na akiwaambia kuwa moyo wake haujaridhia, huujulisha ukoo kuwa hafai, basi. Baadhi ya watu wametuuliza kama huo si uongo. Sisi hatuoni uongo hapo. Asiyeridhia kwa hakika hafai, kwani ridhaa ni sharti la kwanza, kabla ya kundi la damu. Tulimweleza dada kuwa mlango huo utakuwa wazi kwake hata akiwa Dodoma, hata asubuhi ile ya upasuaji, mpaka pale atakapopewa dawa ya usingizi.

Tumetaja hukumu na hesabu. Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana kati ya kikao na upasuaji hupita wiki na pengine miezi, na hapo ndipo watu huumizana bila kukusudia.

Tangu jina lake lilipotajwa, dada huyu amekuwa mtu wa kuangaliwa. Akichota chumvi anaambiwa aache. Akibeba ndoo ananyang'anywa. Siku moja wifi yake, mke wa mgonjwa, kwa utani na mapenzi, alimwambia mbele ya wageni, "Itunze figo yetu." Watu walicheka naye akacheka. Usiku hakulala. Figo yetu! Neno dogo, na limehamisha milki kabla ya kisu. Watoto wake waliipata habari kwa jirani, na mkubwa wao, mwenye miaka tisa, akamuuliza mama yake kama atakufa badala ya mjomba. Mgonjwa naye, masikini, amekuwa akimkwepa dada yake. Akiingia sebuleni yeye hutoka. Wengine walidhani ni kiburi. Tulipokwenda kumjulia hali alituambia kuwa anashindwa kumtazama usoni, kwa sababu kila akimtazama anajiona kama mdai.

Hapo tulimsimulia kisa cha Boston, Marekani. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa duniani ulifanywa tarehe 23 Desemba 1954 na Dakta Joseph Murray, kati ya ndugu pacha, Ronald na Richard Herrick. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard, aliyekuwa akifa, alimpelekea nduguye kikaratasi akimtaka aondoke zake arudi nyumbani. Ronald akajibu kuwa yupo na haondoki. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa, akapata watoto. Ronald aliyetoa alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79. Watu hukitaja kisa hiki kwa sababu ya ustadi wa daktari. Sisi tunakipenda kwa kile kikaratasi. Mgonjwa, mwenye haja kuliko wote, ndiye aliyemfungulia ndugu yake mlango wa kutoka, na kwa hivyo kubaki kwa ndugu yake kukawa hiari tupu.

Kuhusu mali, tuseme wazi. Figo haiuzwi. Mwezi Aprili mwaka 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha huduma za upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret ili kuchunguza tuhuma za biashara ya figo, na kila penye dhiki mlango huo hupigwa hodi. Lakini kumlipia mtoaji nauli, vipimo, chakula, na pato lake la wiki alizolala si kununua figo. Ni kumwondolea madhara, na ukoo ukimwachia fundi cherehani agharamie mwenyewe wiki sita za kutofanya kazi, umemdhulumu. Ama zawadi ya shukrani baadaye, Baraza la Jeddah lenyewe liliiacha katika mlango wa ijtihadi. Rai yetu ni kuwa isiahidiwe kabla. Ahadi ya kiwanja iliyotolewa mbele ya figo inanuka bei.

Na upande wa mtoaji nao una hatari yake, ambayo Suratul Baqara imeionya katika aya ya 264: masimbulizi. Mtu aliyetoa kwa kusukumwa ndiye mwepesi wa kusimbulia. Miaka kumi baadaye, katika ugomvi wa shamba au wa mirathi, neno "nilikupa figo" hutoka, na halina jibu. Figo hairudishwi. Anayepokea ameze dawa zake kila siku maisha yake yote, maana mwili hutaka kukikataa kiungo cha mwenzake, na aliyetoa ajihadhari na shinikizo la damu na na zile dawa za maumivu za kununua dukani kama diklofenaki, zinazoumiza figo. Hiyo ndiyo hesabu inayobaki baina yao.

Wiki iliyopita mzee yule aliitisha kikao kingine kwa ombi letu. Mgonjwa mwenyewe alizungumza kwanza. Alimwambia dada yake mbele ya wote kuwa hamdai kitu, na kwamba akikataa, atabaki kuwa dada yake yule yule. Mama yao aliombwa, kwa adabu, asiseme, akakubali, ingawa machozi hayakumtii. Kisha dada akatamka kwa sauti yake kuwa atakwenda kupimwa. Aliweka masharti mawili: kwamba watoto wake atawaeleza yeye mwenyewe, na kwamba majibu yake yasisomwe na mtu mwingine.

Ukumbi ulikaa kimya kidogo. Halafu yule mvuvi wa Kibirizi, ambaye hakuna aliyemtaja, akasema naye apimwe. Wataondoka wote watatu baada ya mwisho wa mwezi, na shangazi atabaki Gungu na watoto.

Wallahu a'lam.